Mama Moshi na Kanuni ya Kimya

Majirani walimwita Mama Moshi, na si kwa sababu alivuta sigara. Hakuvuta. Walimwita hivyo kwa sababu siku walipomuuliza anafanya kazi gani, alisimama pale getini na mfuko wa nyanya mkononi, akawaeleza kinagaubaga. Alisema yeye ni mkuu wa shirika la kimataifa linalohimiza viwanda vinase hewa ya ukaa kwenye mabomba yao ya moshi, viishindilie mpaka iwe nzito kama maji, kisha viisukume chini kabisa ya ardhi, chini ya mwamba usiopitisha kitu, ikae huko isirudi tena. Majirani walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu wakaingia majumbani mwao wakaambiana kwamba yule mama wa nyumba ya kona anazika moshi, na analipwa kwa kazi hiyo.

Alijua wanavyosema, na hakuwaambia wamekosea. Hapo ndipo penye shida yenyewe, na ni afadhali isemwe mapema: mama huyu hakuwa na uwezo wa kumwambia mtu hapana. Msidhani alikuwa mwoga. Ujanani alikuwa mjiolojia wa kutafuta maji, akilala porini kwenye hema na wachimba visima ambao hata mama zao waliwaogopa. Alisimama mbele ya mawaziri akawaeleza miamba mpaka wakasinzia, na hakutetereka. Ila neno hilo moja lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Badala yake alisema “tutaona”, au “hebu niliangalie”, au “tuombe uzima”. Fundi cherehani aliyemharibia gauni la kwanza alipewa kitambaa cha gauni la pili, akaliharibu nalo, akaulizwa habari za watoto.

Baada ya visima vya maji alihamia visima vya mafuta, na baada ya mafuta kuisha mahali hapo, kampuni ikabaki na mashimo matupu marefu ajabu. Ndipo mtu mmoja mwenye akili akasema kwamba kama huko chini kulikaa gesi miaka na miaka bila kutoroka, basi gesi nyingine inaweza kupelekwa ikakae. Mama Moshi alikuwa anaijua miamba ile kama vyungu vya jikoni kwake. Akawaambia wenzake kwamba kazi ni ileile, ila sasa badala ya kutoa wanarudisha. Kuanzia hapo alipanda cheo, akapanda tena, mpaka siku moja akajikuta yuko kwenye mji mwingine, kwenye kiti cha ngozi, ni Mkurugenzi Mkuu.

Ofisi za shirika zilikuwa kwenye jengo lililowahi kuwa benki. Chumba cha chuma cha kuwekea fedha ndicho walichofanya ukumbi wa mikutano, kwa kuwa ndicho pekee kilichokuwa na ubaridi. Wajumbe walikuwa wa kila namna: nchi zenye mashimo, nchi zenye moshi, viwanda vya saruji, viwanda vya chuma, vyuo vikuu viwili vilivyonuniana. Hawakukubaliana hata chai iletwe kabla ya kikao au baada. Kwa hiyo waasisi, watu wazima na digrii zao, walitunga kitu walichokiita kanuni ya kimya. Kila uamuzi uliandikwa ukatumwa kwa wajumbe wote, wakapewa mpaka Ijumaa saa sita mchana. Mwenye kupinga aliandika kwamba anapinga, na jambo likafa. Asipopinga mtu, saa sita ikigonga, jambo limepita. Hakukuwa na kura wala kunyoosha mikono. Wafanyakazi wapya walidhani wanataniwa, mpaka likizo zao nazo zikapitishwa hivyohivyo.

Sasa palikuwa na mjumbe mmoja wa viwanda vya saruji, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye shirika zima lilimwita Mzee Sikubali. Alipinga rangi ya zulia. Alipinga salamu zilizo mwanzoni mwa ripoti ya mwaka, akisema zina uchangamfu uliopitiliza. Alipinga picha za viongozi kutundikwa ukutani, mara tatu kwa viongozi watatu, kwa maneno makali yaleyale. Jina lake likitokea kwenye kompyuta, watu walishika tama. Mama Moshi peke yake alimpenda. Alimpigia simu akiugua, na akamsikiliza kuanzia mguu mpaka figo.

Watu wakasema mama huyu ana moyo wa dhahabu. Moyo alikuwa nao, lakini alikuwa na sababu pia. Likija jambo asilolitaka, naye kulikataa hawezi, alitabasamu akasema, “Tulipeleke kwa wajumbe.” Likapelekwa. Mzee Sikubali akalimaliza. Ndivyo alivyokufa mpango wa kumwajiri mpwa wa waziri, ndivyo ulivyokufa mradi wa kununua meli, ndivyo ulivyokufa wimbo wa shirika, ambao ulikuwa na beti nane na kiitikio kuhusu bomba. Miaka yote hiyo yule mzee alikataa kwa niaba ya Mama Moshi, na wala hakujua.

Kwa mtindo huo aliliongoza shirika vizuri, tuseme ukweli. Wenye viwanda walitoka ofisini kwake wakiamini yuko upande wao. Vijana waliosimama nje na mabango, wakilia kwamba habari hizi za kuzika hewa ni kisingizio cha viwanda kuendelea kuchafua, waliitwa ndani wakapewa viti na chai, wakasikilizwa, nao wakatoka wakiamini yuko upande wao. Nchi mbili zilizogombana kuhusu nani atawajibika hewa ikivuja mpakani aliziweka kwenye kile chumba cha chuma, akawaacha waseme mpaka wakachoka, wakapatana kwa njaa. Mitambo ikasimikwa, hewa ikashuka chini kweli. Hata wasiompenda walikiri kwamba hakuna kiongozi aliyeipeleka kazi ile mbali kama yeye.

Nyumbani alikuwa na mume wake, fundi wa majokofu. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake ilinuka mafuta ya kompresa hata baada ya kuoga. Kule kwao alikuwa na karakana yake, na wateja waliomwamini kuliko daktari. Mkewe alipopata cheo, alisema mezani wakati wa chakula kwamba amefikiri labda wahamie huku. Fundi akaendelea kutafuna. Mke akaona limepita. Wiki iliyofuata wakafunga mizigo, karakana ikakodishwa kwa msusi. Huku ugenini fundi hakuwa na pa kufanyia kazi, basi akawa anatengeneza friji za majirani uani, na mvua ikinyesha anazifunika na turubai, anakaa kibarazani anazitazama.

Nyumba yao yote iliendeshwa hivyo, jamani. Mmoja anasema “nafikiria”, mwingine ananyamaza, kisha linafanyika. Watoto wao wawili walisomeshwa hivyo, wakaozeshwa nusu hivyo.

Lakini mwaka wa mwisho wa muhula, fundi alifungua mdomo. Aliweka kijiko chini, akamwambia mkewe kwamba walisema muhula mmoja. Ukiisha, yeye anarudi kwenye karakana yake. Msusi ameshaambiwa ahame. Wakirudi wote wawili, atafurahi kuliko anavyoweza kusema. Akibaki yeye mama, basi fundi atarudi peke yake, hatamnunia wala kumsema kwa watu, ila asidhani kwamba kuna mtu kule anamngoja. Kwa fundi yule, hiyo ilikuwa hotuba ya taifa. Mama Moshi akamshika mkono, akamwambia watarudi wote. Na alimaanisha. Alimpenda mume wake, na alikuwa amechoka na kiti cha ngozi. Fundi akaanza kugawa vitu: feni kwa jirani wa kulia, sufuria kubwa kwa jirani wa kushoto, mapazia akayakunja.

Ndipo Mwenyekiti wa shirika, mtu mpole aliyemwita kila mtu ndugu, alipoingia ofisini kwa Mama Moshi akafunga mlango taratibu. Alisema wamekaa, wameona hakuna kama yeye, na kwamba wanaandaa pendekezo aongezewe muhula mwingine. Akaketi akisubiri. Palepale ndipo palipohitaji neno moja tu. Mama Moshi alimtazama Mwenyekiti, akaona jinsi alivyofurahi. Akamuuliza goti lake linaendeleaje. Kisha akasema, “Tulipeleke kwa wajumbe.”

Mwenyekiti alipotoka, mama alikaa akajipa moyo. Mzee Sikubali yupo. Mtu aliyepinga zulia hawezi kushindwa kupinga muhula. Hata hivyo hakutaka kubahatisha na ndoa yake, kwa hiyo akamwita katibu muhtasi, akamwelekeza aongeze kipengele kidogo mwishoni: kwamba kwa heshima ya utumishi wake, picha kubwa ya Mkurugenzi Mkuu itundikwe ukutani kwenye ngazi kuu. Katibu muhtasi alimtazama kwa mshangao, maana hakuwahi kumwona mama huyu akijikweza. Mama akatazama dirishani. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, lakini alijua mwanamume yule na picha ukutani haviivi chungu kimoja.

Pendekezo likatumwa. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Fundi naye nyumbani alikuwa anafunga bisibisi zake kwenye matambara, moja moja. Alimuuliza mkewe kama amekwisha waambia kazini. Mkewe akajibu kwamba Ijumaa kila kitu kitakuwa kimekwisha, na huo haukuwa uongo.

Ijumaa wafanyakazi walikusanyika kwenye chumba cha chuma kuisubiri saa sita. Palikuwa na keki. Mama Moshi alikaa mbele, macho kwenye kompyuta ya katibu muhtasi, akilisubiri jina moja litokee. Mshale wa saa ulipokaribia, alijikuta anamnong’oneza mzee wa watu kimoyomoyo: andika, mzee wangu, andika chochote. Saa sita ikagonga. Mwenyekiti akatangaza kwamba hakuna aliyepinga, watu wakapiga makofi, na mwanamke mmoja wa idara ya uhasibu akalia. Mama Moshi alisimama akashukuru. Alikata keki vipande vinavyolingana na akahakikisha kila mtu amepata.

Simu ikalia bado ana kisu mkononi. Alikuwa Mzee Sikubali mwenyewe. Alimweleza kwamba alilisoma lile pendekezo, na ile picha ilimtibua nyongo, hata akawa amekwisha andika ukurasa mzima. Lakini akakumbuka kwamba katika shirika lote lile ni yeye mama peke yake aliyewahi kumsikiliza mpaka mwisho. Akasema, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, hebu nijizuie. Akafuta. Sauti yake ya kukwaruza ililainika alipokuwa anayasema hayo, na bila shaka alikuwa anatabasamu huko aliko. Mama Moshi akamwambia asante sana, mzee wangu, sijui niseme nini. Na kweli hakujua.

Alimkuta fundi sebuleni, amekaa juu ya sanduku kwa sababu viti vilikwisha kwenda. Alitua kipande cha keki kilichofungwa kwenye karatasi, akamweleza yote bila kuficha: Mwenyekiti, kipengele cha picha, mzee aliyejizuia. Fundi alisikiliza kama anavyosikiliza friji mbovu, kichwa kaelekeza upande mmoja.

“Na wewe ulisema nini?” akauliza.

“Hakuna aliyepinga, baba watoto.”

“Sikuuliza wao. Nimekuuliza wewe.”

Mama Moshi akasema yeye alikuwa anamtegemea mzee.

“Kwa hiyo,” fundi akasema polepole, “mimi na wewe kuishi pamoja kulikuwa kunategemea mzee mmoja, simjui, hanijui, aamke vibaya.”

Hakupandisha sauti. Alisema na yeye ana kosa lake, kwa sababu amenyamaza miaka mingi akidhani siku moja ataulizwa anataka nini. Sasa amechoka kungoja kuulizwa. Tarehe ilipofika alipakia vikorokoro vyake kwenye gari la mizigo la mdogo wake, akamshika mkewe bega, akaondoka. Shemeji mtu, ambaye kwa kawaida hakosi utani, siku hiyo alishughulika na kamba tu. Keki ilibaki kwenye karatasi mpaka sisimizi wakaikuta.

Mama Moshi akarudi kazini, angefanya nini? Alihutubia mikutano mikubwa, akaeleza jinsi mwamba wa juu unavyofunika na jinsi vipimo vinavyofuatiliwa mwaka hadi mwaka. Ile picha ilitundikwa kwenye ngazi, kubwa kuliko mlango. Ilimwonyesha anatabasamu tabasamu lile la “tutaona”, na kila asubuhi alipanda akiipita huku ameinamisha kichwa. Nyumbani alikula amesimama, maana hakununua viti vingine. Alikuwa na huzuni iliyomkaa kifuani kama jiwe, na hakuwa na mtu wa kumlaumu, jambo ambalo huongeza uzito.

Siku moja akapiga moyo konde, akamwandikia Mwenyekiti kwamba anajiuzulu. Mwenyekiti alisikitika, halafu akasema kwa upole kwamba kama ndugu anavyojua, jambo kama hilo lazima lipite kwa kanuni. Likatumwa kwa wajumbe. Alhamisi likapingwa. Mzee Sikubali alikuwa ameandika kurasa nne, zenye hoja kumi na moja, na ya mwisho ilisema kwamba kiongozi wa namna hii hazaliwi mara mbili. Mwenyekiti alikuja na zile karatasi, uso umemkunjuka. Akamwambia basi ndugu, imeshindikana, kumepingwa, tuendelee.

Mama Moshi wa zamani angeendelea. Huyu wa sasa alimwomba Mwenyekiti aketi, akanyanyua simu, akampigia Mzee Sikubali hapohapo.

“Mzee wangu, naondoka.”

“Lakini nimepinga.”

“Nimeona. Hapana.”

Mwenyekiti alisahau goti lake, akasimama. Kisha yule mzee akasema kwamba katika miaka yote ya kufahamiana hajawahi kumsikia akilitamka neno lile. Mama akamjibu kwamba hakuwa na haja ya kulitamka, kwa kuwa yeye mzee ndiye aliyekuwa anamsemea, na kwamba anamwomba radhi, alimtumia. Akamtajia: mpwa wa waziri, meli, vyote.

“Hata wimbo?” mzee akauliza.

“Hasa wimbo.”

Mzee Sikubali aliumia, na alisema ameumia. Alisema pia kwamba atahitaji muda kuamua kama wao bado ni marafiki. Lakini kabla ya saa sita ya Ijumaa aliondoa pingamizi lake. Kazini wanasema hajawahi kuondoa lingine kabla wala baada ya hilo. Jambo likapita kwa kimya.

Jumamosi asubuhi Mama Moshi alikuwa kwenye ile nyumba tupu, mabegi yamefungwa, yamesimama mlangoni. Akampigia mume wake. Upande wa pili alisikia nyundo ikigonga bati na mteja akilalamika kuhusu barafu. Akamweleza kwamba ameacha kazi, safari hii amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya Mwenyekiti. Kwamba mizigo iko tayari na anafikiria kuja leo.

Fundi hakusema kitu. Nyundo ikanyamaza.

Zamani kimya kile kingemtosha. Angebeba begi. Alisimama pale simu imemganda sikioni.

“Sitaki kufikiria kwa niaba yako,” akasema. “Nakuuliza. Nije?”

“Hapana,” fundi akasema.

Aliketi juu ya begi kubwa zaidi. Fundi alieleza, kwa taabu, kama mtu anayelitafuta kila neno kwenye sanduku la vyuma, kwamba bado ana hasira. Kwamba alikuwa anaamka usiku anaongea naye peke yake, sasa wiki mbili tatu hizi ameanza kulala, na hajui kama ni hasira inayoisha au ni mapenzi. Akija sasa, atamkaribisha, atanyamaza, watarudi kulekule. Hataki kulekule. Mama Moshi alisikiliza yote. Iliuma vibaya sana, iliuma kuliko siku ya gari la mizigo, na machozi yakamtoka bila sauti. Hakuwa na kazi tena, nyumba ilikuwa ya kurudisha funguo, na mtu ambaye kwa ajili yake mama aliyaacha yote alikuwa amemwambia hapana, tena kwa upole.

Hakuomba wala hakulipeleka kwa mtu yeyote. Alifuta uso kwa kiganja.

“Sawa,” akasema. “Nimekuelewa. Lakini nitauliza tena.”

Mteja kule alisikika akimwita fundi, fundi akamwambia angoje.

“Uliza,” akamwambia mkewe. “Nitakujibu.”